Barua ya wazi: Pimeni floraidi ya udongo wa Meru, msiishie kwenye bomba

Kwa: Waheshimiwa Mawaziri wa Maji, Afya na Kilimo; Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Arusha; Wakurugenzi wa Halmashauri za Wilaya za Meru na Arusha.

YAH: KUPIMA FLORAIDI KWENYE UDONGO NA KUKADIRIA MADHARA YAKE KWA AFYA ZA WANANCHI

Waheshimiwa,

Poleni na majukumu. Ombi langu ni moja, na nalisema mapema ili asiye na muda wa kusoma barua yote aondoke nalo. Udongo wa vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru upimwe floraidi. Upimwe kwa namna inayoonyesha ni kiasi gani kinaweza kuingia mwilini mwa mtu, kisha majibu yake yajumlishwe na ya maji na ya chakula, kila kijiji kiwe na hesabu moja ya afya.

Mimi ni mwalimu wa kemia wa sekondari wilayani Meru. Floraidi kwetu si habari mpya: ikizidi mwilini huyatia meno rangi ya kahawia na kuharibu mifupa. Kijana wetu akifika JKT au chuoni Dar es Salaam, akicheka tu mwenzake anajua katokea wapi. Wapo mabinti wanaojifunza mapema kucheka huku kiganja kiko mdomoni. Matege ya watoto wa Maji ya Chai na vijiji jirani yameshapigwa picha na kila mgeni mwenye kamera, na sitayarudia hapa kwa ajili ya kuwatia huruma.

Niitendee Serikali haki kwanza. Mwaka 1974 nchi iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 za floraidi kwa lita ya maji ya vijijini, kwa kuwa kubana zaidi ya hapo kungefunga visima ambavyo watu hawakuwa na mbadala wake. Baadaye kikashuka hadi 4, na sasa ni 1.5, sawa na pendekezo la Shirika la Afya Duniani. Kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi ya miaka mingi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Jiji la Arusha limepata mradi wa maji wa Sh520 bilioni kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na kupunguza floraidi ilikuwa moja ya sababu za mradi huo. Ni hatua kubwa. Ila zote zinatazama bomba, na floraidi hii inaanzia ardhini.

Meru ni volkano. Ol Doinyo Lengai, upande wa kaskazini-magharibi, bado uko hai, na mwaka 2007 na 2008 ulimwaga majivu watu wakayaona. Miamba ya huku ina sodiamu nyingi, na florini, elementi ambayo ikiyeyuka majini ndiyo tunaiita floraidi, imejificha ndani ya madini yake. Mvua inapopenya, maji yanageuka ya magadi, na maji ya namna hiyo yenye sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo hayana cha kuikamata floraidi. Kalsiamu ingekuwepo ya kutosha, ingeungana nayo ikatuama kama chokaa chini ya sufuria. Ndiyo maana maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, yana floraidi inayohesabika kwa mamia ya miligramu kwa lita. Kiangazi, maji ya ardhini yanapopanda na kukauka, yanaacha ukoko mweupe juu ya ardhi. Ng'ombe wanaulamba. Watu nao wanauchota.

Nendeni soko la Tengeru siku ya gulio. Kwenye safu ya viungo mtakuta mama amepanga magadi kwa mafungu. Kuna yale meupe, magumu, yanayong'aa ukiyavunja, na kuna ya kijivu au ya udongoudongo, laini, yamechanganyika na mchanga na vijiti. Hayo ya pili ndiyo ya bei nafuu, na mengi yamekwanguliwa tu ardhini. Mteja anachagua kwa macho na kwa mfuko wake. Nyumbani yataingia kwenye makande ili mahindi yaive upesi, kwenye kiburu, kwenye maharage, kwenye mboga za majani ili zisipoteze rangi. Kuni ni ghali na mkaa ni ghali zaidi. Mama anayetumia magadi anafanya uchumi, msimwone mjinga. Lakini magadi yanabeba floraidi, na kiasi kinatofautiana sana kati ya fungu na fungu. Watafiti waliwahi kukuta meno ya kahawia kwa watoto wa vijiji ambavyo maji yake hayana floraidi ya kutisha, wakayahusisha na magadi ya jikoni. Hilo lilijulikana miaka ya 1990. Tangu hapo fungu la magadi la kijivu linauzwa bila mtu kujua lina nini.

Hatua chache kutoka hapo kuna pemba, ule udongo mkavu wa vipande ambao wajawazito wengi wanautafuna. Nitaurudia, kwa sababu hesabu yake ndiyo inayonikosesha raha zaidi.

Halafu mboga. Bustani nyingi za huku zinamwagiliwa kwa mifereji inayotoka kwenye mito ya Meru. Chukueni ekari moja inayopata maji ya jumla ya kina cha nusu mita kwa msimu. Hizo ni takribani lita milioni mbili. Kama maji yana miligramu 5 kwa lita, msimu mmoja umeshusha shambani kilo 10 za floraidi. Si yote inayobaki. Nyingine inaenda na maji. Lakini inayobaki inaongezewa na ya msimu ujao, na mbolea za fosfeti nazo zina sehemu yake, kwa sababu mwamba wa fosfeti kwa kawaida una florini ya asilimia 3 hadi 4. Kwa mizizi, mimea mingi huwa haivuti floraidi nyingi kama wengi wanavyodhani. Mboga za majani ndizo za kuangaliwa, tena zaidi kwa vumbi linalozikalia kuliko kwa utomvu wake. Chai ni habari nyingine kabisa. Mchai unapenda udongo wenye asidi, na humo floraidi hushikana na aluminiamu ikapanda hadi majanini. Majani yaliyokomaa huwa nayo nyingi zaidi. Na sisi tunaichemsha chai hiyo kwa maji haya haya! Kwa njia, bado nasikia watu wakishauriwa kuchemsha maji ili kuondoa floraidi. Kuchemsha kunaua vijidudu. Floraidi inabaki, na maji yakipungua sufuriani inazidi kuwa nzito.

Kama kuna anayeona natia chumvi ninaposema tusitazame maji peke yake, atazame mkoa wa Guizhou, kusini-magharibi mwa China. Huko mamilioni ya watu waliharibika meno na mifupa bila maji ya kunywa kuwa na hatia. Walikuwa wakikausha mahindi na pilipili ndani ya nyumba, juu ya majiko ya makaa ya mawe yasiyo na bomba la moshi. Makaa ya unga walikuwa wakiyafinyanga kwa udongo wa mfinyanzi ili yashikane, na uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya florini ilitoka kwenye huo udongo. Mtu angepima visima vya Guizhou mwaka mzima asione kitu.

Sasa nije kwenye kipimo, maana hapa ndipo kazi nzuri inaweza kuharibika kwa kuagizwa vibaya.

Maabara inaweza kuwapa namba mbili tofauti kabisa kwa udongo ule ule. Ya kwanza ni florini yote. Mnachukua udongo uliosagwa laini, mnauyeyusha pamoja na sodiamu haidroksaidi kwenye kikombe cha nikeli, ndani ya tanuri la nyuzi 600 hivi, hadi hata madini magumu yanasalimu amri. Namba inayotoka ni kubwa na inatisha. Udongo wa kawaida duniani una miligramu mia mbili, mia tatu, mia nne kwa kilo, na wa volkano unaweza kuzidi hapo. Lakini sehemu kubwa ya florini hiyo imefungwa ndani ya fuwele na haitoki hata mtu akiumeza udongo. Namba ya pili ni ile inayoyeyuka: udongo unatikiswa na maji, unachujwa, na kinachopimwa ni kile kilichoachia. Hii inaweza kuwa sehemu ndogo sana ya ile ya kwanza. Kuna na ya tatu, ambayo kwa afya ya binadamu naiona ndiyo muhimu kuliko zote: udongo unatikiswa katika kimiminika chenye asidi na joto kama la tumboni, maana tumbo linayeyusha ambavyo maji hayayeyushi.

Kifaa cha kusomea si cha anasa. Ni elektrodi ya floraidi, fimbo yenye fuwele ndogo kwenye ncha, inayounganishwa na mita inayofanana na ile ya pH, yaani ya kupima asidi. Mpimaji anamimina sampuli kwenye bilauri ya plastiki, anaongeza bafa maalumu, anatumbukiza elektrodi, anakoroga taratibu na kusubiri namba itulie. Bafa ile ndiyo roho ya kipimo. Inaweka pH karibu na 5 hadi 5.5, na inailazimisha aluminiamu na chuma viiachie floraidi vilivyoikumbatia. Mkiiruka au mkaikosea kwa udongo wetu wenye aluminiamu, namba itatoka ndogo na mtafurahi bure.

Kina cha sampuli nacho kina siasa yake. Bwana shamba amefundishwa kuchukua udongo wa sentimita 0 hadi 20 na kuuchanganya, kwa sababu anawaza mizizi. Mtoto anayetambaa hashiki sentimita ya 20. Anashika vumbi la juu, ule ukoko mweupe, kisha anapeleka mkono mdomoni. Mkichanganya sentimita 20 mmeuzimua ukoko huo na udongo wa chini, na jibu litakuwa sahihi kwa mahindi na la uongo kwa mtoto. Kwa hiyo naomba sampuli mbili kila mahali: ya sentimita 2 za juu, na ile ya kawaida ya shamba.

Sasa hesabu. Shirika la Mazingira la Marekani limeweka dozi rejea ya floraidi, yaani kiasi ambacho mtu anaweza kumeza kila siku bila madhara kutarajiwa, kuwa miligramu 0.06 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mtoto wa kilo 15 basi ana nafasi ya miligramu 0.9 kwa siku kabla meno yake hayajaanza kuwa mashakani. Akinywa lita moja ya maji yaliyofikia kiwango chetu cha 1.5, amekwisha pita. Maji ya miligramu 4 yanamfikisha zaidi ya mara nne. Shirika hilo hilo hukadiria kwamba mtoto anaweza kumeza hadi miligramu 200 za udongo na vumbi kwa siku. Kwa udongo wenye florini miligramu 1,000 kwa kilo, hiyo ni miligramu 0.2, tena kama yote ingeyeyuka. Ndogo, ndiyo. Vumbi peke yake si la kumtoa mtu usingizini, na atakayetangaza kwamba udongo wa Meru ni sumu atakuwa anawatisha watu bure. Wekeni magadi juu yake: yakiwa na miligramu 500 kwa kilo, na mtoto akala chakula kilichobeba gramu 2 za magadi, hiyo ni miligramu 1 nzima. Peke yake imeshajaza nafasi yake ya siku, hata kama maji yake ni safi kama ya mvua.

Na pemba. Mjamzito wa kilo 60, kwa dozi ile ile, ana nafasi ya miligramu 3.6. Akitafuna gramu 30 kwa siku, za udongo wenye florini miligramu 1,000 kwa kilo, amemeza miligramu 30 kwa jumla. Ikiyeyuka asilimia 5 tumboni, ni miligramu 1.5 na yuko salama kwa upande huo. Ikiyeyuka asilimia 30, ni miligramu 9, na floraidi huvuka kondo la nyuma. Udongo ni ule ule na mama ni yule yule. Jibu linageuka kulingana na kipimo ambacho maabara iliagizwa kufanya. Pemba yenyewe husafirishwa, kipande kinachouzwa Tengeru kinaweza kuwa kimechimbwa mkoa mwingine, kwa hiyo kipimwe sokoni.

Namba za mifano hii nimezichagua mimi ili hesabu ifuatike. Namba halisi za kila kijiji ndizo ninazoziomba.

Mheshimiwa Waziri wa Kilimo, wataalamu wako tayari wanachukua udongo wa wakulima kupima pH, naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Ile safari ya pikipiki imeshalipiwa. Mkoba wa pili wa sampuli, wa sentimita 2 za juu, hauongezi gharama ya maana. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI) ina kituo cha Selian hapa hapa Arusha, tuna TARI Mlingano kwa mambo ya udongo, tuna Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru ambayo watafiti wake wameshughulika na floraidi kwa miaka, na Taasisi ya Jiolojia ya Dodoma inajua kuchora ramani za kemia ya ardhi. Wakae meza moja. Na wajaribu jasi, madini yenye kalsiamu. Kalsiamu hupunguza floraidi inayoyeyuka kwenye udongo wa magadi, na jasi inachimbwa Makanya, wilayani Same, si mbali na hapa. Majaribio ya misimu miwili mitatu kwenye mashamba darasa yatatuambia kama inalipa.

Mheshimiwa Waziri wa Afya, floraidi huharibu meno ya kudumu wakati yanatengenezwa, kabla mtoto hajafika miaka 8 hivi. Baada ya hapo kinachobaki ni kuficha doa. Kwa hiyo hesabu ya kwanza iwe ya wenye umri huo, na mtoto aliyezaliwa leo asisubiri ripoti ya miaka mitano. Madaktari wa meno wanaotembelea shule wakiandika kiwango cha kuharibika kwa meno ya kila mtoto pamoja na kijiji alikokulia, kisha orodha hiyo ikawekwa juu ya ramani ya udongo na ya maji, tutaona wapi maji yanaeleza kila kitu na wapi hayaelezi. Vijiji vya kundi la pili ndivyo vya kutafuta magadi, pemba na vumbi.

Mheshimiwa Waziri wa Maji, kiwango cha 1.5 kisishuke thamani kwa sababu nimeandika juu ya udongo. Maji bado ndiyo mzigo mkubwa kwa wengi wetu, na yanapokuwa na miligramu 3 hadi 6 kwa lita hata mifupa inaanza kuguswa. Ninachoomba ni kwamba mahali ambapo hesabu inaonyesha chakula na udongo vimeshamjaza mtoto, maji ya shule hizo yatafutiwe shabaha ya chini zaidi, ikibidi kwa matangi ya mvua ya kupikia uji.

Kwa uongozi wa mkoa na halmashauri zetu: majibu yakitoka, yabandikwe kwenye ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, kijiji kwa kijiji. Nawaelewa wanaoogopa mchicha na kabichi za Tengeru kukosa soko. Mimi pia nina bustani. Lakini uvumi unaua soko kuliko namba, na inawezekana kabisa namba zikaisafisha mboga na kuelekeza kidole kwenye magadi ya kijivu. Hapo nawasihi msianze kwa marufuku na mgambo. Mkiwakimbiza mama wa mafungu, magadi yatauzwa gizani bila kipimo. Anzeni kwa kupima kila chanzo, mwambieni muuzaji ni yapi ya kuacha, na mfundisheni mpishi kuloweka mahindi na maharage usiku kucha. Kuni zitapungua kwa njia hiyo, na magadi hayatahitajika sana. Shule zetu zenye jiko la chakula cha mchana zinaweza kuwa za kwanza. Kwa hilo hazihitaji kusubiri maabara yoyote.

Jambo la mwisho ni la kalenda. Ukoko mweupe unaonekana kiangazi, na mvua za vuli zikianza unaoshwa. Sampuli za juu zikichukuliwa Aprili hazitasema ukweli wa Septemba. Bajeti ya mwaka wa fedha huanza Julai, kwa hiyo fedha kidogo ya kazi hii ikipitishwa na kutoka mapema, timu inaweza kuwa mashambani Agosti na Septemba ya mwaka huo huo. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanajua kuchukua sampuli na kuandika lebo isiyofutika. Tutawapokea, tutawaonyesha njia, na mkikosa wa kubeba mifuko, tutaibeba.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Kemia
Wilaya ya Meru, Arusha

Nakala: Waheshimiwa Wabunge wa majimbo ya Arumeru; Shirika la Viwango Tanzania (kuhusu magadi ya kupikia na pemba); Mkemia Mkuu wa Serikali; Wenyeviti wa Vijiji.